Jina Alilolitaja Papa Akipiga Randa

Wiki tatu baada ya kumzika papa, mdogo wangu alinipigia simu nije Kadutu, mtaa wetu wa Bukavu, tuondoe vitu katika karakana yake kabla mvua haijabomoa paa. Nilipofungua mlango, harufu ya maranda ya mbao za libuyu ilinipiga usoni, ile harufu kavu, chungu kidogo, inayokaa kooni. Sikuweza kuingia. Nilibaki mlangoni kama mtoto wa miaka kumi na miwili, nimetega sikio nisikie kama kuna mtu anasema ndani.

Mdogo wangu alidhani ninamlilia papa. Nilikuwa ninamlilia, kweli, lakini kulikuwa na jambo lingine ambalo yeye hakulijua, maana lilipotokea alikuwa bado anabebwa mgongoni. Mama alitangulia, sasa papa amemfuata. Nanyi mliosoma nami mna watoto wanaokuja kuniuliza kama wachague Kilatini au biashara, na mimi ninawajibu maneno ya kawaida, yale wanayotaka kuyasikia. Jibu langu la kweli ni refu kidogo, na halinisifu.

Nyumba yetu ilikuwa kwenye mteremko mkali, paa la jirani wa chini likiwa sawa na miguu yetu. Karakana ilikuwa nyuma. Papa alikuwa seremala, mtu wa maneno machache, ambaye angeweza kula chakula chote bila kusema zaidi ya "aksanti". Lakini alipokuwa peke yake akipiga randa, alisema. Hakuwa anaimba. Alisema kwa sauti ya chini, akifuata mkono: akisukuma randa, neno, akirudisha, kimya. Mimi nilikuwa nikikaa nje juu ya mbao nikichambua maharage, na maneno yakinifikia kupitia ukuta. Regina. Regina. Reginam. Halafu jambo nisilolishika vizuri, halafu tena Regina. Siku nyingine alifika mpaka kwenye "reginarum", na mimi nikaamua kwamba hilo ndilo jina la ukoo wake.

Katika avenue yetu kulikuwa na Regina mmoja tu. Maman Regina alikuwa mjane mwenye watoto watatu, aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, sokoni Nyawera, na siku ya Mungu aliimba katika kwaya, sauti yake ikipita juu ya zote bila kujisukuma. Wakati wa kiangazi papa alikuwa amemtengenezea kitanda, akakibeba yeye mwenyewe mpaka nyumbani kwake na kukiunga huko. Siku ile mama alisema tu kwamba kitanda ni kitu kizito kwa mwanaume kupeleka katika nyumba ya watu. Mimi nililiweka neno lile mahali fulani kichwani, karibu na yale niliyosikia ukutani.

Alasiri moja mvua ilikuwa inanyesha, mama akiosha vyombo chini ya ukingo wa paa. Aliacha kusugua, akageuza kichwa kuelekea karakana.

"Nsimire, papa yako iko anasema na nani mule?"

"Hakuna mutu, mama."

"Hakuna mutu, na iko anasema?"

"Iko anaita jina."

"Jina ya nani?"

Ningeweza kusema sijui. Nimelifikiria hilo kwa miaka mingi. Sikuwa na ubaya moyoni. Nilifurahi tu kwamba kwa mara moja nilijua kitu ambacho mkubwa hakijui.

"Ya Maman Regina."

Hakuangusha sahani. Aliisuuza akaimaliza, akaiweka juu ya nyingine. "Mara ngapi?" akauliza. Nikasema kila siku. "Anaiita namna gani?" Nami nikamwigiza papa, polepole, kwa sauti ya chini, na ule upole anaokuwa nao mtu anapofanya kazi anayoipenda. Nadhani ni upole ule ndio uliotuharibia nyumba, kuliko jina lenyewe.

Tangu siku ile mama aliweka chakula cha papa mezani kikiwa kimefunikwa, akaenda kukaa nje. Papa alifunua sahani, akatazama mlango, akala. Hakuuliza. Mimi nilikaa kati yao nikisikiliza meno yangu mwenyewe yakitafuna.

Jumapili iliyofuata, wakati wa kupeana amani, Maman Regina alishuka kutoka benchi la kwaya kama kawaida yake, akanyoosha mkono kwa mama. Mama aliacha mikono yake juu ya kitenge kilichomfunga mdogo wangu. Ule mkono ulibaki hewani, mabenchi ya nyuma yakiuona na ya mbele yakigeuka. Baada ya misa Maman Regina alitufuata uani.

"Mama Nsimire, nilikukosea nini?"

Mama hakupandisha sauti. "Kitanda yenye bwana yangu alikutengenezea, unalalaka na nani?"

Wanawake waliokuwa wanaagana waliacha kuagana. Maman Regina alifungua kinywa, na yeye ambaye sauti yake ilijaza kanisa zima hakupata hata neno moja. Wiki mbili baadaye mkubwa wa kwaya alimwomba apumzike kidogo. Pale Nyawera, wanawake wa mtaa wetu walianza kupita mbele ya beseni lake na kununua sambaza kwa mwingine. Niliyaona hayo kwa macho yangu, nimeshika kikapu cha mama.

Ndipo papa alipouliza. Ilikuwa mchana, mlango umefungwa ili majirani wasisikie, na mimi nikiwa nyuma ya pazia.

"Nani alikuambia hiyo mambo?"

"Batu benye beko na masikio."

"Sijagusa ule mwanamuke. Nilimutengenezea kitanda, basi."

"Juu ya nini unaita jina yake ukiwa peke yako?"

"Miye? Sijaita jina yake hata siku moja."

Alisema kweli, na kwa sababu alisema kweli uso wake ulikuwa umepotea kabisa, kama uso wa mtu anayedanganya vibaya. Mama alimtazama muda mrefu. Angeweza kunivuta kutoka nyuma ya pazia na kusema, mtoto wako alikusikia. Hakufanya hivyo. Alinikinga.

Kesho yake alimfunga mdogo wangu mgongoni, akachukua begi moja, akaenda kwao Mudaka. "Wewe ubakie, masomo inaanza," aliniambia, akaweka kiganja juu ya kichwa changu. Alikuwa ananishukuru. Ningeona heri anipige.

Masomo yalianza kweli. Nilikuwa nimeingia mwaka wa kwanza wa sekondari, katika shule ya masista ambako walifundisha Kilatini tangu mwanzo. Majirani walimwambia papa kwamba msichana angepelekwa kushona. Papa alisema tu, "Ataenda kule," na hakuna aliyejua sababu. Profesa wetu aliitwa Bisimwa, mtu mwembamba, koti lake jeusi limejaa chaki mabegani. Siku za kwanza msichana mmoja, Espérance, alimwuliza lugha ya wafu itatusaidia nini mjini Bukavu. Alijibu kwa Kifaransa, kama ilivyokuwa lazima darasani, lakini mimi ninalikumbuka jibu lake kwa Kiswahili: walio hai wanasema mbio, na ukikosea wameshapita, wafu wanakungoja mpaka uelewe.

Halafu akageuka, akaandika ubaoni: regina.

Nilidhani ananiandikia mimi. Nilidhani habari zetu zimefika mpaka shuleni. Alianza kuandika chini yake, safu ndefu, na kabla hajamaliza nilijua kila kinachofuata. Regina, regina, reginam, reginae, reginae, regina. Wenzangu waliimba pamoja. Profesa aliniona sifungui kinywa, akanisimamisha.

Nilisimama, nikasema yote. Sikuyasema kwa mwendo wa darasa. Niliyasema kwa mwendo wa randa, neno, kimya, neno, kimya, na nilipomaliza umoja sikuweza kuishia hapo, nikaendelea na wingi ambao hakuwa ameuandika bado, mpaka reginarum, mpaka reginis.

"Nani alikufundisha?" akauliza.

"Papa."

"Papa yako ni padri?"

Darasa likacheka. Nikasema ni seremala. Nikamwuliza neno lile maana yake ni nini.

"Malkia," alisema. "Lakini hapa ni neno la mazoezi tu. Tungeweza kuchukua lingine."

Akatuonyesha reginam, akasema hiyo ni *accusatif*, ndivyo neno linavyokuwa pale jambo linapomwangukia mtu badala ya yeye kulitenda. Mimi nilisikia *accusé*, mshitakiwa. Nikafikiri: basi huyu ndiye Maman Regina, na aliyemshitaki ni mimi. Nilikuwa nimekosea sarufi, lakini si mengine.

Ilikuwa Jumanne. Jumamosi papa alikuwa ameitwa Mudaka kwa wakwe, ajieleze mbele ya ukoo, na kila mtu alijua kwamba mwanaume asiyejieleza vizuri hurudi bila mke. Nilikuwa na siku nne, na ufunguo wa jambo zima ulikuwa katika daftari langu. Ningekimbia nyumbani, mtu angedhani. Sikukimbia. Kulisema ilikuwa kukiri kwamba masikio yale yalikuwa yangu, na kwamba mkono wa mama kichwani niliuiba. Jumatano nilinyamaza. Alhamisi nilinyamaza. Papa alijipikia fufu, ikaungua, tukaila. Karakanani randa ilienda bila sauti yoyote ya mtu. Alikuwa ameanza kujilinda asije akasema kitu bila kujijua.

Ijumaa nilipotoka shule niliingia karakana na kufungua daftari juu ya meza yake ya kazi, katikati ya maranda. Papa alifuta mikono. Alisoma safu yote, midomo ikitikisika, kisha akaweka kidole juu ya neno la kwanza.

"Ni hii ulisikia?"

"Ni hiyo."

"Na ni wewe uliambia mama yako."

"Ni miye, papa."

Alikaa juu ya ubao. Nilikuwa tayari kwa kofi, nimefunga macho. Halikuja. Nilipoyafungua alikuwa bado anatazama daftari, na polepole, kama mtu anayetoa mwiba, alianza kuniambia. Alikuwa amesoma seminari ndogo miaka mitatu. Kilatini alikuwa wa kwanza; Kigiriki walikuwa wameanza tu, bado anahangaika na herufi. Kisha mti ukamwangukia baba yake msituni, na yeye akiwa mkubwa wa watoto saba, wakamwita arudi.

"Vitabu nilirudisha yote," alisema. "Hii yenye ilikuwa mu kichwa hawakuniomba. Nikaenda nayo."

"Juu ya nini haukuambia mama?"

"Seremala mwenye kusema Kilatini, batu banamucheka." Akafunga daftari, akanipa. "Kesho utakuja nayo."

Kwenye kizuizi cha barabara ya Mudaka, askari waligeuza kila daftari na kitambulisho, mmoja akatazama ukurasa wa Kilatini, akauliza hizo ni siri za nani. Papa alisema ni masomo ya mtoto. Alipolipokea tena daftari alilifunga haraka mno, na sikujua kama anaogopa bunduki au anaogopa kule tunakoenda.

Uani kwa babu mzaa mama walikuwa wamekaa tayari: babu mwenyewe, bibi, wajomba wawili, na mama peke yake kwenye mkeka, hatazami upande wetu. Papa alieleza kwa kifupi, kama kawaida yake, na kwa ufupi ule yote yalionekana uongo mtupu. Tonton Pascal, kaka mkubwa wa mama, alikuwa katekista. Yeye ndiye aliyekuwa na neno.

"Mutoto anapenda babake," alisema. "Wamekaa wiki nzima pamoja. Hata miye ninaweza kufundisha mutoto maneno ine."

"Daftari iko ya shule, tonton," nikasema.

"Ilete."

Akaifungua mwenyewe, akapita ukurasa wa regina, akapita mwingine, akaweka kidole. Lilikuwa neno ambalo profesa alikuwa ametupa siku iliyotangulia kama kazi ya nyumbani, nami nilikuwa nimelijaza kwa shida. Papa hakuwa ameliona.

"Agricola," Tonton Pascal alisoma. "Mushemeji, endelesha hiyo yote kama ile ya Regina. Nsimire, funika kinywa."

Nikaweka mkono mdomoni. Papa alianza. Agricola, agricola, agricolam. Tonton alifuata kwa kidole katika mwandiko wangu. Umoja ulipita. Kwenye wingi papa alisema mawili, akasimama. Kuku walikuwa wanachakura karibu na mkeka wa mama. Papa alirudi nyuma, akasema tena lile la mwisho, akasimama palepale. Mjomba mdogo alianza kukohoa kile kikohozi cha mtu ambaye ameshaamua. Mimi nilijua neno linalokuja. Lilikuwa limesimama nyuma ya meno yangu, na mama, kwa mara ya kwanza, alinyanyua macho na kumtazama papa.

Ndipo mikono yake ikasogea. Sidhani kama alijua. Ilisukuma mbele hewani, ikarudi, ikasukuma tena, kama ana ubao mbele yake, na maneno yakafuata mkono: agricolas. Agricolarum. Agricolis. Agricolis.

Tonton Pascal aliangalia daftari mara mbili. "Ni vile," alisema.

"Na maana yake ni nini, hiyo?" babu akauliza.

"Mulimaji, papa."

"Kumbe hata siye tuko ndani," babu akasema, na wajomba wakacheka kwa kuachilia pumzi.

Mama hakucheka. "Miaka kumi na ine tuko pamoja," alimwambia papa. "Nilikuzalia batoto. Mama yako alikufa mu mikono yangu. Na haukuona vizuri kuniambia uko nani." Papa aliinamisha kichwa. Mama hakurudi nasi siku ile. Alirudi Jumanne, peke yake, kwa miguu yake. Papa alisema atakwenda kwa Maman Regina kumaliza mambo. Mama akakataa.

"Kinywa yenye ilisema ndio itaenda," alisema, kisha akanigeukia. "Biwili. Yangu na yako."

Nilisoma Kilatini miaka sita, na Kigiriki mitatu, tukiwa wanafunzi wanne, kwa profesa ambaye angetufundisha hata kama tungekuwa mmoja. Leo ninafanya kazi mahakamani. Watu husema lugha hizo hazijengi nyumba wala hazichongi barabara, na ni kweli. Lakini katika Kilatini mara nyingi kitenzi huja mwisho. Unaona malkia, unaona mkulima, unaona kisu, na hujui bado nani amemfanya nini nani. Ukikata shauri katikati, utamtia hatiani asiyehusika. Inabidi ungoje, utazame mkia wa kila neno, ufike mwisho. Hakuna somo jingine lililonilazimisha kungoja hivyo kila siku, na mimi ndiye niliyekuwa na haja nalo kuliko wote darasani.

Wiki ile mama aliporudi, tulienda kwa Maman Regina asubuhi, mama mbele na mimi nyuma, njia ikiwa matope kutokana na mvua. Alikuwa mlangoni anachagua sambaza, akitenga zilizovunjika. Hakusimama. Mama alieleza yote, bila kujitetea: papa, karakana, maneno ya shule. Kisha akanisukuma mbele kidogo, nami nikasema ni mimi niliyesikia vibaya na nikasema nisichokijua. Nikaongeza, kwa sababu nilidhani itamfariji, kwamba jina lake kwa Kilatini maana yake ni malkia.

Maman Regina alitenga sambaza nyingine iliyovunjika.

"Nilikuwa mujane," alisema. "Siku moja, mbele ya parokia yote, nikakuwa malaya. Leo mutoto anasema niko malkia. Muende mufikiri vizuri, mukuje muniambie mwenye munataka nikuwe."

Mama yangu, ambaye sikuwahi kumwona akimwinamia mtu nje ya kanisa, alipiga magoti palepale kwenye matope, akakaa hivyo. Mimi sikujua kama nipige nami au nisimame, nikabaki katikati, magoti yamekunjika nusu. Watu wawili walipita njiani, wakapunguza mwendo, wakatazama.

Maman Regina aliweka beseni chini.

"Simama," alimwambia mama. "Kitenge yako iko inachafuka."

Akaingia ndani, akatoka na kiti kimoja, akamwekea mama.